Rolex yenye jambia: saa ya Uswisi iliyobeba nembo ya Oman

Katika miaka ya 1970 Sultani Qaboos bin Said wa Oman aliagiza saa za Rolex zilizochapwa nembo ya nchi yake na kuzitoa zawadi. Leo saa hizo zinasakwa kwenye minada ya kimataifa, na familia zilizorithi saa hizo zinapaswa kuamua kama ziziuze au zizihifadhi.

Mjini Maskati saa ya Rolex si kitu kigeni. Huonekana kwenye mkono wa mfanyabiashara anayeshuka garini kwenye barabara ya pwani ya Matrah, na huonekana pia barazani siku ya harusi, ikichungulia chini ya mkono wa kanzu nyeupe. Lakini zipo Rolex chache za zamani ambazo hata mtu asiyejua chochote kuhusu saa huziangalia mara mbili. Uso wake una picha ndogo ya jambia lililolazwa juu ya panga mbili zilizopishana. Ni nembo ileile iliyomo kwenye bendera ya Oman, kwenye fedha yake na juu ya barua za serikali.

Kwa kawaida aliyekuwa na saa ya aina hiyo hakuinunua. Alipewa. Na katika tofauti hiyo ya kununua na kupewa ndimo thamani yake ilipojificha kwa muda wa nusu karne. Ili kufahamu kwa nini mtawala wa Kiarabu alichagua saa ya Geneva iwe chombo cha shukrani zake, inabidi kwanza kuitazama historia ya kampuni yenyewe.

Yatima kutoka Bavaria

Mwanzilishi wa Rolex hakuwa Mswisi, na kampuni yake haikuanzia Uswisi. Hans Wilsdorf alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Kulmbach, Bavaria, nchini Ujerumani, akawa yatima akiwa na umri wa miaka 12. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika kampuni ya kusafirisha saa nje ya nchi mjini La Chaux-de-Fonds, Uswisi, kisha akahamia London. Huko, mwaka 1905, alianzisha biashara pamoja na shemeji yake, Alfred Davis, kwa jina la Wilsdorf & Davis.

Wakati huo mwanamume wa heshima alibeba saa yake mfukoni, ikining'inia kwenye mkufu. Saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, na mafundi wengi waliamini kwamba mtambo mdogo kiasi hicho hauwezi kwenda sawasawa. Wilsdorf aliamini kinyume. Aliagiza mitambo kutoka kwa kiwanda cha Aegler mjini Bienne, Uswisi, na mwaka 1908 akasajili jina Rolex. Alitaka jina fupi, linalotamkika kwa urahisi katika lugha yoyote na linaloenea kwenye uso mdogo wa saa. Alifaulu kiasi kwamba nchini Uganda jina hilo limekuwa pia la chapati iliyokunjiwa mayai, chakula cha barabarani kinachopendwa mno, ingawa wauzaji wake walilipata kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyokunjwa.

Mwaka 1910 saa ya mkononi ya Rolex ilipata cheti cha usahihi mjini Bienne. Miaka minne baadaye, Julai 1914, kituo cha uchunguzi cha Kew nchini Uingereza kiliipa saa nyingine ya kampuni hiyo cheti cha daraja la A, baada ya kuipima kwa siku 45 katika mikao mbalimbali na katika hali ya baridi na joto. Cheti cha namna hiyo kilikuwa kikitolewa kwa saa kubwa za mabaharia.

Vita Vikuu vya Kwanza vilibadili mambo mawili. Askari waliokuwa kwenye mahandaki walihitaji saa ya kutazamwa bila kuingiza mkono mfukoni, na hivyo saa ya mkononi ikaacha kuwa pambo la wanawake peke yao. Wakati huohuo serikali ya Uingereza iliongeza ushuru wa bidhaa za anasa zinazotoka nje. Wilsdorf aliihamishia shughuli yake Uswisi, na mwaka 1920 kampuni ya Rolex ikasajiliwa Geneva, ambako makao yake makuu yako hadi leo.

Chaza asiyeingia maji

Adui mkubwa wa saa ni vumbi na unyevunyevu, na njia yao kubwa ya kupenya ni kile kifundo cha pembeni kinachotumika kutia ufunguo. Mwaka 1926 Rolex ilitoa saa ambayo kifundo chake, mfuniko wake wa nyuma na pete ya kioo chake vilikazwa kwa kuzungushwa kama parafujo. Waliiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya chaza, yule mnyama wa baharini anayefumba gamba lake asiingiliwe na kitu. Kwa watu wa Ghuba, ambao mababu zao walipiga mbizi kutafuta lulu, mfano huo hauhitaji maelezo.

Wilsdorf alijua kwamba maneno matupu hayauzi saa. Oktoba 1927 mwogeleaji wa Kiingereza, Mercedes Gleitze, ambaye alikuwa amekwisha kuuvuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, aliingia tena majini kwa sababu baadhi ya watu walitilia shaka ushindi wake. Safari hii alivaa Rolex shingoni. Baridi ilimshinda na alitolewa majini baada ya saa zaidi ya kumi, lakini saa yake ilikuwa bado inakwenda. Mwezi uliofuata Wilsdorf alinunua ukurasa mzima wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuitangaza habari hiyo.

Hatua ya tatu ilikuja mwaka 1931. Ndani ya saa liliwekwa bamba lenye umbo la nusu duara, linalozunguka kila mkono unapotikisika na kuikaza springi lenyewe. Mvaaji hakuhitaji tena kutia ufunguo kila asubuhi, na kwa kuwa kifundo hakikufunguliwa mara kwa mara, maji na vumbi vilikosa nafasi ya kuingia. Usahihi, kinga dhidi ya maji na kujitia ufunguo: mambo hayo matatu ndiyo msingi wa karibu kila Rolex iliyotengenezwa baadaye.

Wilsdorf, aliyefiwa na mke wake mwaka 1944 na ambaye hakujaliwa watoto, aliiweka kampuni chini ya wakfu wenye jina lake. Alifariki dunia mwaka 1960, na hadi leo wakfu huo ndio mmiliki wa Rolex. Kampuni hiyo haina hisa zinazouzwa kwenye soko la mitaji.

Aina zinazojulikana zaidi

Mwaka 1945 ilitoka Datejust, saa inayobadili tarehe yenyewe kwenye dirisha dogo la uso wake. Mwaka 1953 zilifuata mbili za watu wa kazi ngumu. Explorer ilitoka katika mwaka uleule ambao Edmund Hillary na Tenzing Norgay walikifikia kilele cha mlima Everest, katika msafara uliokuwa umepewa saa za Rolex. Submariner ilikusudiwa wapiga mbizi, ikiwa na uwezo wa kustahimili kina cha mita 100. Sea-Dweller ya mwaka 1967 ilikwenda mbali zaidi, hadi mita 610, ikiwa na tundu maalumu la kutolea gesi ya heliamu inayoingia ndani ya saa wapiga mbizi wanapokaa siku nyingi kwenye vyumba vya shinikizo.

GMT-Master ya mwaka 1955 iliandaliwa kwa marubani wa shirika la ndege la Pan Am, waliotaka kusoma saa za nchi mbili kwa mara moja. Pete yake ya rangi nyekundu na buluu hutenganisha mchana na usiku. Day-Date ya mwaka 1956 huandika jina zima la siku pamoja na tarehe. Hutengenezwa kwa dhahabu au platinamu peke yake, na jina la siku limepata kuandikwa kwa lugha 26, Kiarabu kikiwa miongoni mwazo. Imevaliwa na marais na wafalme wengi.

Inayozungumzwa kuliko zote siku hizi ni Daytona ya mwaka 1963, iliyokusudiwa madereva wa mashindano ya magari. Ina vitufe viwili vya kuanzisha na kusimamisha hesabu ya sekunde, na nyuso tatu ndogo ndani ya uso mkubwa. Kwa miaka mingi wanunuzi hawakuijali sana. Lakini Oktoba 2017 ile iliyokuwa ya mwigizaji wa Marekani, Paul Newman, iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17 na laki saba.

Katika nchi za Ghuba kuna jambo moja linalomwongoza mnunuzi, nalo halitajwi kwenye matangazo. Mafundisho ya Kiislamu humkataza mwanamume kujipamba kwa dhahabu. Kwa hiyo wapo wenye uwezo wa kununua saa ya dhahabu ambao huchagua chuma cha pua au platinamu, na huikwepa hata ile dhahabu nyeupe, kwani kubadilika rangi hakuiondoi katika jina la dhahabu. Nchini Oman saa hizo huuzwa na kampuni ya familia ya Khimji Ramdas, ambayo asili yake ni wafanyabiashara wa Kigujarati walioanza biashara Maskati mwaka 1870.

Maskati ya mwaka 1970

Saa zenye jambia zilizaliwa katika kipindi ambacho Oman yenyewe ilikuwa inabadili hesabu ya wakati wake. Mpaka mwaka 1970, chini ya utawala wa Sultani Said bin Taimur, malango ya mji wa Maskati yalifungwa masaa matatu baada ya jua kutua, baada ya mzinga kulia kutoka ngome ya Mirani. Aliyetembea baada ya hapo alitakiwa kubeba taa mkononi. Nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 za barabara ya lami na shule tatu za serikali.

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mzinga huo ulilia saa ngapi. Ilikuwa saa tatu za usiku, kwa hesabu ileile inayotumika Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, ambayo huanza kuhesabu pale jua linapotua au linapochomoza. Waomani wengi walioishi Zanzibar walikuwa wameizoea saa kubwa ya mnara wa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Mnara huo uliporomoka pamoja na sehemu ya jumba hilo tarehe 25 Disemba 2020.

Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alimpindua baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 29, amesoma katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst nchini Uingereza na kutumikia katika jeshi la nchi hiyo. Aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi nyumbani, na miongoni mwa waliorudi walikuwamo maelfu kutoka Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki, wengi wao waliokimbia baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Walikuja na elimu, na walikuja na Kiswahili, ambacho kinasikika majumbani na sokoni Maskati hadi leo. Walishika nafasi katika wizara mpya, polisi, hospitali na shule.

Bendera nayo ilibadilika. Ile ya awali ilikuwa nyekundu tupu, kama ilivyokuwa ya masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi. Tarehe 17 Disemba 1970 ilipandishwa bendera mpya yenye nyeupe, nyekundu na kijani, na kwenye pembe yake ya juu likawekwa lile jambia na panga zake mbili. Ni nembo hiyo ambayo muda si mrefu ingesafiri hadi Geneva.

Zawadi ya Sultani

Desturi ya mtawala kumvika mtu kitu cha heshima ni ya kale katika nchi za Kiarabu. Zamani ilikuwa joho, upanga au jambia lenye mpini wa fedha. Sultani Qaboos aliendeleza desturi hiyo kwa kitu cha zama mpya. Kupitia Asprey, duka la vito la London lililoanzishwa mwaka 1781, ziliagizwa saa za Rolex ambazo uso wake ulichapwa jambia, ama kwa rangi ya dhahabu, nyekundu au kijani. Nyingine ziliandikwa jina Qaboos kwa hati ya Kiarabu, na nyingine zilichorwa nembo upande wa nyuma. Zilikuwa za aina mbalimbali: Day-Date, Datejust, Submariner, GMT-Master na Daytona. Walizipokea maafisa, wageni wa serikali na watu waliomtumikia Sultani.

Miongoni mwao walikuwamo askari. Tangu mwaka 1965 kulikuwa na vita katika jimbo la kusini la Dhofar, ambako wapiganaji wenye siasa za mrengo wa kushoto walisaidiwa na Yemen ya Kusini. Uingereza ilipeleka kikosi chake maalumu cha SAS, lakini kwa jina la timu ya mafunzo, kwani serikali ya London haikupenda kuvitangaza vita hivyo. Tarehe 19 Julai 1972 askari tisa wa kikosi hicho, wakiwa pamoja na askari wa Oman, waliulinda mji mdogo wa Mirbat dhidi ya shambulio la mamia ya wapiganaji. Vita vilitangazwa kumalizika Disemba 1975. Sea-Dweller namba 1665 zenye jambia jekundu huelezwa kuwa ni shukrani ya Sultani kwa askari wa SAS waliopigana Dhofar. Kwa hiyo saa hiyo ni moja ya vitu vichache vya mkononi vinavyoshuhudia vita ambavyo kwa muda mrefu vilizungumzwa kwa sauti ya chini.

Halisi na ya bandia

Wakusanyaji wa saa walipoanza kuzitafuta, bei zilipanda. Daytona za miaka ya 1970 zenye jambia zimeuzwa kwenye minada kwa mamia ya maelfu ya dola, mara kadhaa ya bei ya saa ileile isiyo na nembo. Na penye bei hapakosi hila. Rangi kidogo na mkono hodari vyatosha kuligeuza uso wa kawaida kuwa uso wa kisultani.

Mafundi wenye ujuzi huanza na namba. Kwenye Rolex za miaka hiyo, ukiuondoa mkanda, namba ya aina ya saa iko upande wa akrabu ya 12, na namba yake ya pekee iko upande wa 6. Namba hiyo ya pekee huonyesha saa ilitengenezwa karibu na mwaka gani, na mwaka huo hauna budi kuafikiana na wakati wa kuagizwa kwake. Kisha hutazama mtambo. Daytona za miaka ya 1970 zilikuwa bado za kutiwa ufunguo kwa mkono, na zilianza kujitia zenyewe mwaka 1988 tu. Hutazama pia rangi inayong'aa gizani, ambayo kwenye uso wa zamani hugeuka kuwa ya maziwa au ya asali. Nembo mbichi juu ya uso mkongwe, au uso mpya ndani ya kasha lililochakaa, ni dalili ya kutia shaka.

Ushahidi ulio bora zaidi hauko ndani ya saa. Ni barua ya zawadi, sanduku lake, picha ya sherehe, au karatasi za utumishi za aliyepewa. Mara nyingi familia hutunza saa na kutupa karatasi, pasipo kujua kwamba karatasi hizo ndizo zinazoitenga saa ya kweli na ya kubuni. Kosa jingine ni kuipeleka saa kwa fundi ili "ifanywe mpya". Uso uliopakwa rangi upya na kasha lililosuguliwa hadi pembe zake zikapotea huipunguzia saa sehemu kubwa ya thamani yake.

Kuuza au kuhifadhi

Sultani Qaboos alifariki dunia tarehe 10 Januari 2020, baada ya kutawala kwa karibu miaka 50, na Sultani Haitham bin Tariq akachukua nafasi yake siku iliyofuata. Wengi wa waliopewa saa katika miaka ya mwanzo nao wamekwisha kuondoka, na sasa saa zimo mikononi mwa wajane na watoto wao.

Hapo ndipo linapoanza suala gumu. Kwa sheria ya mirathi, saa ya marehemu ni mali kama shamba au nyumba, na kila mrithi ana fungu lake. Shamba hugawika, saa haigawiki. Ikibaki kwa mtoto mmoja, wengine wana haki ya kufidiwa. Ikiuzwa, fedha hugawanywa, lakini kile kilichokuwa kinamtaja baba katika historia ya nchi huenda kwenye sanduku la chuma la tajiri wa mbali. Na asiyejua anachokimiliki anaweza kukitoa kwa bei ya saa kuukuu, kisha akasikia baadaye kwamba kimeuzwa mnadani Geneva kwa bei ya nyumba.

Wataalamu wa mirathi na wa saa hukubaliana juu ya jambo moja: tathmini itangulie kabla ya mgawanyo, ifanywe na zaidi ya mtu mmoja, na asiwemo anayetaka kununua. Picha zichukuliwe, namba ziandikwe, na wazee walio hai waulizwe zawadi ilitolewa lini na kwa sababu gani, wakati bado wanaweza kujibu.

Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliingiza ufundi wa jambia la Oman na desturi zake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Katika soko la Matrah masonara bado hulifua kwa fedha, na wanaume hulivaa kiunoni katika sherehe. Lile dogo zaidi kuliko yote, lililochapwa Uswisi kwenye uso wa saa, halimo katika orodha hiyo. Liko ndani ya makabati ya watu, na huenda akrabu zake zimesimama kwa kuwa hakuna anayelitia ufunguo.